Raki ya usukani inagonga na inavuja: usikimbilie kununua nyingine, na usimruhusu mtu akaze ile nati ya chini

"Habari za kazi fundi. Nina pikapu ya milango minne, fowili (inayovuta tairi zote nne), pawa stelingi ya mafuta sio ya umeme. Naibebea mzigo na njia nyingi ninazopita ni za vumbi na mashimo. Sasa ina miezi kadhaa nikipita kwenye mawe au barabara yenye mabonde madogomadogo nasikia kugonga mbele ko ko ko, na kule kugonga nakusikia mpaka mkononi kwenye usukani. Mafuta ya pawa stelingi naongeza kila baada ya wiki mbili hivi, na buti ya raki (ule mpira wa mikunjo) upande wa kushoto imechanika. Fundi wa kwanza kasema raki imekufa ninunue nyingine. Wa pili kasema hamna haja, kuna nati chini ya raki akiikaza nusu raundi plei (ule ulegevu) inaisha, na kwa kuvuja niweke dawa ya kuziba sili. Rafiki yangu ananishauri nichukue raki iliyotumika. Nifuate lipi? Na naweza kuendelea kuitumia hivihivi wakati natafuta hela?"

Nzuri ndugu yangu, na asante kwa kueleza vizuri maana wengi huandika tu "stelingi inasumbua" alafu mtu unabaki kubahatisha. Nianze na kitu ambacho naona kimewachanganya hao mafundi wote wawili. We una matatizo mawili sio moja. Kugonga ni tatizo la chuma, kitu fulani kimelegea. Kuvuja ni tatizo la mpira, sili fulani imekatika. Yanaweza yakawa yote yako ndani ya raki, ni kweli, lakini pia inawezekana kabisa raki inavuja na haigongi, kinachogonga ni kitu kingine cha bei ndogo kilichofungwa pembeni yake, na ukibadilisha raki yote kelele inabaki palepale. Hili linatokea sana na linauma kwasababu raki sio spea ya kununua kwa kujaribu.

Ili uelewe kwanini nasema hivyo inabidi ujue ndani kuna nini. Raki ni fimbo ndefu ya chuma yenye meno upande mmoja, imelala kwa upana wa gari ndani ya bomba. Usukani ukizungusha, shafti inashuka chini na mwisho wake kuna gia ndogo, hiyo tunaiita pinioni, inashikana na yale meno na kuisukuma fimbo kushoto au kulia. Kwenye kila ncha ya fimbo kuna jointi ya duara ambayo ndo raki endi, inajificha ndani ya ile buti ya mikunjo, inatoka mkono mrefu, na mwisho wa mkono kuna tairodi endi inayoshika nako, kile chuma kinachobeba tairi. Basi, kwa upande wa chuma ni hivyo tu. Sasa upande wa mafuta, katikati ya ile fimbo kuna pistoni, na bomba lenyewe limegeuzwa silinda. Pale juu kwenye pinioni kuna valvu yenye kijiti chembamba cha chuma ambacho kinajipinda kidogo unapokaza mkono kuzungusha usukani, kule kujipinda ndo kunafungua njia mafuta ya presha kutoka kwenye pampu yaende upande mmoja wa pistoni yaisukume, kwahiyo mafuta yanakusaidia nguvu tu, hayaongozi gari. Hata yakiisha yote usukani bado utageuza tairi ila utakuwa mzito mno, na kwenye pikapu yenye mzigo unaweza ukashindwa kona kali ukiwa mwendo wa taratibu.

Kwenye hizo ncha mbili za bomba fimbo inapotokea kuna sili za kuzuia mafuta yasitoke. Nje ya sili ndo kuna buti. Hapa watu wengi wanakosea, wanadhani buti ndo inazuia mafuta. Hapana, buti kazi yake ni kuzuia vumbi, maji na mchanga visifike kwenye fimbo. Buti ikichanika mafuta hayatoki kwasababu ya hiyo buti, kinachotokea ni kwamba vumbi linakaa kwenye fimbo iliyolowa, maji yanaingia, fimbo inashika kutu ya vidoadoa, alafu kila ukikata kona zile doa zinapita kwenye mdomo wa sili kama msasa mpaka inakatika. Na kwenye raki endi nayo grisi inasombwa, mchanga unaingia, jointi inalegea. Kwahiyo mpira mmoja wa bei rahisi ukiachwa umechanika unaweza ukakuletea yote mawili unayolalamikia, kugonga na kuvuja, na kwa ulivyoeleza mi nashuku hiyo ndo hadithi ya upande wako wa kushoto. Lakini kushuku sio kujua, tutapima.

Kabla ya kupima nimalize habari ya ile nati, maana hii ni ya hatari na nataka uikatae leo. Kweli ipo, nyuma ya fimbo mkabala na pinioni kuna kipande kinachoisukuma fimbo ishikane na gia, kinasukumwa na springi, na springi inazuiwa na hiyo plagi yenye lok nati. Fundi akiikaza plei inapungua papohapo na we unaona amekutibu. Shida iko hivi: gari muda mwingi inakwenda moja kwa moja, kwahiyo meno ya katikati ya fimbo ndo yanalika zaidi, ya pembeni yanabaki karibu kama mapya. Ukikaza mpaka katikati pasiwe na plei, ukija kukata kona meno ya pembeni ambayo hayajalika yanabanana na pinioni. Usukani unakuwa mgumu ghafla ukiwa katikati ya kona au unakata kona vizuri alafu haurudi wenyewe, mpaka uuvute kwa mkono. Fikiria hilo likukute mlimani una mzigo nyuma na gari ingine inakuja mbele yako. Plei kidogo unaweza kuizoea wakati unajipanga, usukani unaokwama huwezi kuuzoea.

Sisemi hiyo plagi haiguswi kamwe. Kuna raki zinazogonga kwasababu kile kipande cha nyuma kimelika na marekebisho madogo yanatibu kweli, hasa kelele ya kutetemeka kwenye barabara mbovu. Ila hiyo inafanywa kwa kipimo cha kitabu cha gari hiyo, na baada ya kurekebisha unazungusha usukani mwisho hadi mwisho tairi zikiwa juu ukisikiliza kama kuna sehemu inabana. Anayekwambia nusu raundi kabla hata hajaweka gari kwenye jeki hajapima kitu chochote.

Haya tuje kwenye kupima. Unahitaji mtu mmoja wa kukusaidia na muda kidogo, gereji sio lazima. Weka gari sehemu tambarare, tairi zote zikiwa chini, vuta handbreki, weka vizuizi kwenye tairi za nyuma, gia iwe fri. Msaidizi akae kwenye usukani injini ikiwa inawaka, awe anautikisa kushoto kulia kidogokidogo kwa haraka, sio kukata kona, ni kile kiasi tu cha kuamsha plei. We chungulia kupitia kwenye upinde wa tairi la mbele au inama pembeni, usilale chini ya gari injini ikiwa inawaka. Weka mkono kwenye kila jointi, uanze juu uende chini. Jointi nzima ukiishika pande zote mbili zinaondoka pamoja. Jointi iliyokufa upande mmoja unaanza kuondoka, mwingine unachelewa kidogo alafu ndo unafuata, na mara nyingi utakusikia kugonga kwenyewe kwenye vidole.

Anza na jointi za shafti ya usukani pale inaposhuka kwenda kwenye raki, zile krosi ndogo zenye beringi. Hizi zinasahaulika kuliko zote, na zikilegea zinagonga mkononi hasahasa kama ulivyoeleza, na wakati mwingine ni bolti tu ya kubania ndo imelegea. Alafu angalia mwili wa raki wenyewe. Raki imefungwa kwenye krosimemba (ule mhimili wa chuma unaokatiza chini ya gari kwa mbele) kwa bolti zenye bushi za mpira, bushi zikifa raki nzima inahama kushoto kulia kidogo kabla fimbo haijaanza kwenda, utaiona kwa macho kabisa. Bushi hizo ni spea ndogo na nimeona raki nzima zikitupwa kwasababu yake. Ukitoka hapo minya buti kwa vidole mpaka uishike raki endi kwa ndani, usikilize. Mwisho tairodi endi za nje.

Ukimaliza hiyo zima injini, nyanyua upande mmoja wa mbele na uweke stendi, usitegemee jeki peke yake hata kwa dakika mbili. Shika tairi saa tatu na saa tisa ulitikise. Likicheza hapo plei iko kwenye tairodi endi, raki endi au raki yenyewe. Shika tena saa kumi na mbili na saa sita. Likicheza hapo ni beringi ya tairi au boljointi (jointi inayounganisha nako na mikono ya saspensheni), na boljointi ya chini naomba uipime kwa makini sana, tumia mtaimbo kuinyanyua, maana ikichomoka tairi linalala na gari haina uongozi tena. Pikapu ya kubeba mzigo kwenye mashimo inazimaliza hizi boljointi mapema kuliko watu wanavyodhani. Stabilaiza linki na bushi za shokapu nazo zinagonga sana kwenye mabonde, ila hizo kwa kawaida unazisikia kwa sikio, sio mkononi, na we umesema mkononi, kwahiyo nazipa nafasi ndogo.

Kwenye kuvuja, usiamini tone lilipoangukia. Mafuta yanatoka juu kwenye hozi ya presha au kwenye pampu, yanatiririka kwenye bomba la raki, yanadondokea kwenye buti, na kila mtu anasema raki. Osha eneo lote kwa dawa ya kutoa grisi, kausha, jaza mafuta hadi kwenye alama, endesha siku moja alafu uje uangalie palipolowa kwanza. Kama juu ni pakavu, legeza klempu ya ile buti ya kushoto na uirudishe nyuma. Ndani kukiwa na mafuta basi sili ya raki imekatika, hilo halina ubishi. Angalia na ya kulia pia, kwasababu kwenye raki nyingi buti mbili zinawasiliana kwa kijibomba cha hewa, na mafuta yanaweza kuhamia upande usiohusika.

Ukiwa umeirudisha buti hapohapo fanya kipimo hiki kimoja ambacho kwangu ndo kinaamua matumizi yote ya hela yako. Mwambie msaidizi akate usukani fimbo itoke nje, ifute vizuri kwa kitambaa mpaka ing'ae, alafu pitisha ukucha taratibu kwa urefu wake. Fimbo nzima ukucha unateleza kama kwenye kioo. Kama ukucha unakwama kwenye vidoa vya kutu, sili mpya haitadumu, hata afunge fundi mzuri namna gani, ile kutu itaikata tena. Hapo habari ya kubadilisha sili imekufa, unazungumzia raki nyingine.

Na ile dawa ya kuziba? Kazi yake ni kulainisha na kuvimbisha mpira. Sili iliyokauka kwa uzee inaweza ikapunguza kuvuja kwa muda, iliyokatwa na kutu haisikii dawa. Tena dawa haichagui, inavimbisha mpaka sili za pampu na hozi ambazo zilikuwa nzima. Kwa gari ya mzigo na ya njia mbaya mi siishauri. Na kuhusu hayo mafuta unayoongeza, hakikisha ni aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tanki au kwenye kitabu, kuna gari zinataka ATF ya kawaida ile nyekundu (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) na kuna zinazotaka mafuta maalum ya stelingi, sio kitu kimoja. Mafuta ya breki usiweke hata tone, yanaharibu mpira wa sili zote za mfumo huo na hapo utabadilisha kila kitu.

Sasa uchague nini. Kama raki endi au tairodi endi ndo zinagonga, fimbo ni nzima na hakuna mafuta kwenye buti, badilisha hizo jointi na buti zote mbili, funga kazi. Raki endi zinauzwa peke yake, wanaokwambia lazima ununue raki nzima hawakuambii ukweli. Kama kuna mafuta kwenye buti lakini fimbo inateleza vizuri na usukani ni mwepesi sawasawa pande zote, kubadilisha sili ni chaguo halali, ila mpe mtu anayefanya kazi hiyo kila siku na mwenye vifaa vyake, maana sili za ndani kwenye pistoni na pete za valvu zinaharibika kirahisi wakati wa kuzifunga, zikikwaruzwa utatoka na raki isiyovuja ila nzito upande mmoja. Na kama tayari hata sasa usukani wako ni mzito ukikata kushoto na mwepesi ukikata kulia, au kinyume chake, basi presha inapotea ndani kwenye valvu au pistoni na hapo sili za nje pekee hazitasaidia. Uzito wa pande zote mbili ni habari tofauti, anza na mafuta, mkanda, pampu na upepo wa tairi kabla hujaigusa raki.

Fimbo ikiwa na kutu au meno yamelika, nunua raki. Mpya kutoka kwa mtengenezaji wa gari ndo salama kuliko zote na ndo ghali kuliko zote. Iliyofanyiwa ukarabati na karakana inayoeleweka na inayotoa garantii ya maandishi ni chaguo zuri la katikati, mimi kwa gari ya umri mkubwa ningeanzia hapo. Za kampuni nyingine zisizo za mtengenezaji zinatofautiana mno, kuna nzuri kabisa na kuna zinazovuja kabla hata tairi hazijalika, uliza kwanza mafundi wa aina hiyo ya gari nini kinadumu. Iliyotumika, ambayo rafiki yako anaisema, siikatai moja kwa moja ila usiinunue kwa kuiangalia kwa nje. Rudisha buti zote mbili dukani hapohapo, pitisha ukucha, shika pinioni uizungushe mwisho hadi mwisho kwa mkono usikilize kama kuna sehemu inabana katikati au pembeni, na tikisa raki endi. Muuzaji akikataa kukuruhusu ufungue buti, ondoka. Na kwa yoyote utakayonunua oanisha kwa namba ya chesisi. Raki ya gari ya usukani wa kulia haiingii kwenye ya kushoto, na hata ndani ya modeli moja ya fowili na ya tuwili zinaweza zikatofautiana.

Nitaje kidogo na wasomaji wengine wenye pikapu, kabla hamjaenda kuulizia raki hakikisheni gari yenu ina raki. Land Cruiser za familia ya 70 zinatumia stelingi boksi na fimbo zake, Hilux nyingi za zamani pia, toleo lililotoka 2004 ndo lina raki. Na Ford Ranger tangu mabadiliko ya 2015 ina raki ya umeme, hiyo haina mafuta kabisa, ina mota na sensa, na ukiibadilisha lazima ifundishwe upya kwa mashine ya kompyuta, kwahiyo habari za kutoa hewa nitakazosema hapa chini haziwahusu.

Ukifika kwenye kubadilisha, hata kama sio we unayefanya, simama pale uangalie mambo haya. La kwanza tairi ziwe zimenyooka, terminali ya betri itolewe, na usukani ufungwe usizunguke, mkanda wa kiti ukipitishwa kwenye usukani unatosha. Sababu ni kwamba nyuma ya usukani kuna utepe wa nyaya uliojiviringa unaopeleka umeme kwenye eabegi na honi, shafti ikishatolewa kwenye raki mtu akauzungusha usukani raundi kadhaa kwa bahati mbaya, ukirudisha na kukata kona ya kwanza ule utepe unakatika na taa ya eabegi inawaka. Alafu shafti na pinioni zipigwe alama kabla ya kutenganishwa. Kabla ya kutoa tairodi endi pimeni urefu wake au hesabuni raundi za kuifungua, ili angalau gari iweze kufika kwenye alaimenti (kupimwa na kunyooshwa tairi) ikiwa inaenda mbele. Tairodi endi itolewe kwa pula (kifaa cha kuchomolea), sio kwa kugonga nyundo kwenye nyuzi. Bomba za mafuta zikifunguliwa zizibwe midomo hapohapo, mchanga punje moja kwenye valvu mpya unatosha kuiharibu. Kwenye fowili nyingi raki haitoki bila kulegeza kitu kingine, stabilaiza au hata difu ya mbele kushushwa kidogo, kwahiyo usishangae kazi ikichukua muda, ila shangaa ukiona mtu anailazimisha kwa mtaimbo.

Kosa kubwa kuliko yote nalolionaga ni kufunga raki mpya kwenye mafuta ya zamani. Mafuta meusi yamebeba vipande vya mpira na unga wa chuma kutoka kwenye raki iliyokufa na pampu iliyochoka, ukiyaacha kwenye tanki na hozi yanakwenda moja kwa moja kwenye raki uliyoitolea hela. Fungua hozi ya kurudishia, mwaga yote, sukuma mafuta mapya mpaka yatoke masafi, tanki lenyewe lina kichujio ndani lioshwe au libadilishwe. Kama mafuta ya zamani yalikuwa yanang'aa chembechembe za chuma, pampu nayo iangaliwe kabla gari haijawashwa.

Raki mpya iwekwe katikati kabla ya kuunganisha na shafti, yaani izungushwe mwisho upande mmoja, zihesabiwe raundi hadi mwisho wa pili, alafu irudishwe nusu. Ikifungwa bila kuwa katikati gari itakata kona kali upande mmoja na upande mwingine itaishia njiani, na fundi mvivu atakuja kuficha kosa kwa kuchomoa usukani na kuurudisha umenyooka, usikubali. Bolti zote zikazwe kwa toki renchi (spana inayopima ukazo) kwa kipimo cha gari yako. Nati ya tairodi endi ikishafika kwenye kipimo na tundu la pini halijalingana, inakazwa mbele mpaka tundu lifuatalo, hairudishwi nyuma, na pini iwe mpya.

Kutoa hewa ndo watu wanapoharakisha. Tairi za mbele zote juu kwenye stendi, injini imezimwa, jaza tanki, zungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho mara nyingi huku mtu anaongeza mafuta, tanki lisikauke hata mara moja. Kiwango kikiacha kushuka ndo uwashe injini, urudie tena bila kushikilia kwenye mwisho. Ukiona povu au mafuta yamekuwa meupemeupe bado kuna hewa, zima, acha yatulie, rudia. Pampu inayolia baada ya kazi hii mara nyingi ni hewa tu. Kutoka hapo gari iende alaimenti siku hiyohiyo, maana tairodi zimeguswa na tairi zinaweza kulika vibaya ndani ya safari chache. Baada ya siku kadhaa za kubeba mzigo rudi ukague bolti za kufungia raki na kiwango cha mafuta.

Ili raki ijayo idumu hakuna siri kubwa. Kila gari inapopanda juu kwa ajili ya kumwaga oili, shika buti zote mbili, zifungue mikunjo uangalie mipasuko midogo kwenye mabonde yake na kama klempu zimekaza, ikipasuka ibadilishwe wiki hiyo sio mwezi ujao. Usishikilie usukani kwenye mwisho kabisa zaidi ya sekunde chache, pale pampu inasukuma presha yake yote bila pa kwenda na mafuta yanachemka. Usikate kona gari ikiwa imesimama kama unaweza kuiachia itembee kidogo, hasa ikiwa na mzigo. Na wale wanaopenda kunyanyua gari na kufunga tairi pana au spesa, mjue mnaiongezea raki kazi ambayo haikuundiwa, na mikono ya tairodi inakaa pembe mbaya, raki endi zinakufa haraka.

Swali lako la mwisho, kuendesha hivihivi. Inategemea kipimo cha leo, sio hela itapatikana lini. Kama tairodi endi, raki endi au boljointi yoyote inacheza kiasi cha kuonekana kwa macho, gari isimame, hiyo ivutwe au fundi aje ulipo, na hizo jointi ndo zipate hela ya kwanza kabla ya raki. Vilevile kama usukani umewahi kukwama hata mara moja, au mafuta yanaisha kwa siku badala ya wiki, au yanadondokea karibu na bomba la ekzosi ambapo yanaweza kuwaka moto. Lakini kama jointi zote zimesimama vizuri, kugonga ni kwa bushi za raki, na kuvuja ni kwa hicho kiwango chako cha wiki mbili, unaweza ukaendelea kwa muda mfupi bila mzigo mkubwa, mwendo wa taratibu, ukikagua mafuta kila asubuhi kabla ya kuwasha, na ukiwa na chupa ya aina sahihi ndani ya gari.

Fanya kipimo cha mkono na cha ukucha alafu niandikie umeona nini, jointi gani ilichelewa na fimbo ya kushoto ikoje, ukiweza niambatanishie na picha yake ikiwa imefutwa. Hapo nitakwambia kama ni ya kubadilisha sili au ni ya kutoa kabisa, na hao mafundi wawili uwaoneshe picha hiyohiyo kabla hujamlipa yeyote.